Jinsi ya Kuandika Hadithi Fupi ya Kusindikiza Riwaya za Distopia za Vijana: Mwongozo Kamili

Mwandishi aliyekwisha kutoa riwaya moja au mbili katika mfululizo wa distopia (hadithi za dunia ya kubuni iliyoharibika na inayotawaliwa kwa ukandamizaji) kwa ajili ya vijana hufika mahali ambapo wasomaji huanza kumwuliza habari za watu waliopita pembeni tu: yule askari wa lango aliyegeuza uso, yule mama aliyegawa uji halafu asionekane tena. Hadithi fupi ya kusindikiza huzaliwa hapo. Ni hadithi inayojitegemea, yenye mwanzo na mwisho wake, lakini huishi katika dunia ile ile ya riwaya, chini ya sheria zile zile za ukandamizaji, na mara nyingi katika siku zile zile ambazo riwaya ilizisimulia. Mwongozo huu ni wa mwandishi wa Kiswahili aliyeko Uganda, awe Kampala, Arua, Tororo au katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambaye tayari ana mfululizo mkononi au yuko katikati ya kuujenga.

Msimamo wangu niutaje mapema, kwa kuwa hatua zote zinazofuata zinautegemea. Hadithi ya kusindikiza haina ruhusa ya kubadilisha tukio lolote la riwaya, lakini ina wajibu wa kubadilisha jinsi msomaji anavyolielewa tukio hilo. Ikibadilisha tukio, imevunja mfululizo. Isipobadilisha uelewa, hakuna sababu ya kumtaka kijana atumie bando lake kuipakua.

Kwa kawaida hadithi hizi huchukua moja kati ya njia mbili. Njia ya kwanza ni kulisimulia upya tukio ambalo msomaji analijua, kwa macho ya mtu mwingine. Veronica Roth alifanya hivyo mwaka 2012 katika Free Four, aliporudia tukio moja la riwaya yake Divergent kwa nafsi ya kijana Four badala ya Tris, msimulizi wa riwaya hiyo. Njia ya pili ni kujaza muda ulioachwa wazi kati ya riwaya mbili, kama Tahereh Mafi alivyofanya mwaka huo huo katika Destroy Me, ambayo ilimpa sauti Warner, kijana ambaye wasomaji walikuwa wamemjua kama adui. Wala mtu asiseme kwamba dunia zilizoharibika ni jambo geni kwa Kiswahili: Euphrase Kezilahabi aliwatembeza wasomaji wake katika dunia iliyoangamia tangu Mzingile ya mwaka 1991. Kilicho kichanga kwetu ni mfululizo wa vijana wenye hadithi fupi zinazouzunguka, na kwa hiyo kazi hii inastahili kufanywa kwa uangalifu.

Ili maelezo yasielee hewani, nitatumia mfululizo wa kubuni kama mfano. Tuchukue Jinja ya miaka mingi ijayo. Ziwa limepanda, na visiwa vya magugu vinavyoelea vinasukumwa na upepo hadi kwenye mitambo ya umeme. Chombo kiitwacho Mamlaka ya Mwanga kinawagawia watu umeme kwa saa, mtaa kwa mtaa, na kila kijana anapofikisha miaka 16 jina lake huingizwa katika orodha. Wanaosomwa kwenye kipaza sauti hupelekwa bwawani kukata magugu, na wachache hurudi. Mhusika mkuu ni Nangobi, msichana wa Kisoga. Katika sura ya nne ya riwaya ya kwanza, kaka yake anasomwa, na Nangobi anasimulia hivi: "Sauti ilinyamaza. Nilidhani umeme umekatika. Kisha ikasema: Kirunda Waiswa." Riwaya haielezi kwa nini sauti ilinyamaza.

Anza na daftari

Kabla ya kuandika sentensi yoyote ya hadithi, soma upya riwaya zako zote kuanzia ukurasa wa kwanza ukiwa na daftari kando. Andika umri wa kila mhusika katika kila sura, majira ya mvua na kiangazi, saa za kafyu, vyeo, rangi za sare, bei za vyakula, muda wa kutembea kwa miguu kutoka mahali hadi mahali, na zaidi ya yote sheria za dunia yako kama zilivyotamkwa, neno kwa neno, pamoja na ukurasa zilipotamkwa. Vijana husoma kitabu wakipendacho mara nne na tano, na hukikumbuka kuliko aliyekiandika. Ikiwa riwaya ilisema lango hufungwa saa kumi na mbili jioni, hadithi fupi haiwezi kulifunga saa moja usiku pasipo sababu inayoonekana.

Tenga kurasa chache za daftari hilo kwa mambo yaliyoachwa bila kuelezwa: mtu aliyetoweka, mlango ambao haukufungwa siku moja, kauli iliyokatizwa. Orodha hiyo inaweza kuwa ndefu. Usiichague hadithi yako siku hiyo hiyo. Iache siku chache, kisha urudi uone ni pengo lipi ambalo bado linakusumbua.

Kuchagua pengo na msimulizi

Pengo zuri ni dogo kwa ukubwa na zito kwa maana. Waandishi wengi hukimbilia utoto wa mhusika mkuu au asili ya utawala wenyewe, wakidhani kwamba jambo kubwa huzaa hadithi kubwa. Mimi sikubaliani nao. Utoto wa shujaa mara nyingi hauna mgogoro unaoweza kumalizika katika kurasa 20, na asili ya utawala huhitaji miaka, vita na majina mengi ambayo hadithi fupi haiwezi kuyabeba bila kugeuka kuwa somo la historia. Ukimya wa sekunde chache kabla ya jina kutajwa, kwa upande mwingine, unaweza kubeba hadithi nzima.

Baada ya pengo, tafuta mtu aliyesimama karibu nalo. Hapa ndipo ningependa mwandishi akae muda mrefu zaidi. Katika distopia, riwaya kuu kwa kawaida ni ya yule anayeumizwa na utawala halafu akasimama kuupinga; kwa hiyo hadithi ya kusindikiza hupata nguvu inapokwenda kwa yule anayelishwa na utawala huo, mtumishi wake mdogo, ambaye bila kazi yake mashine isingezunguka hata siku moja. Si lazima awe mwovu. Mara nyingi ni kijana aliyepata kazi, na nyumbani kwao watu wanakula kwa sababu ya kazi hiyo. Msomaji wa miaka 16 anajua vizuri kwamba angeweza kuwa Nangobi. Ni mara chache anaulizwa kama angeweza kuwa yule anayeshika orodha.

Katika mfano wetu, sauti ya kipaza sauti ni ya msichana anayeitwa Akello, ambaye wazazi wake walitoka Lira, na ambaye amekulia kambini Jinja kwa sababu baba yake alikuwa askari. Alichaguliwa kusoma majina kwa kuwa Kiswahili chake ni safi na sauti yake inafika mbali. Sasa mpe jambo linalomlazimu kuchagua. Karatasi ya majina imelowa jasho, na jina la kwanza katika mstari wa tisa limefutika. Limebaki "Waiswa" peke yake. Katika Busoga kila mtoto wa kiume anayetangulia kuzaliwa kati ya mapacha huitwa Waiswa, na katika mtaa ule wako wawili waliofikisha miaka 16: Kirunda, kaka yake Nangobi, na Balikowa, mtoto wa mama anayeuza mihogo mlangoni pa kambi na ambaye humwekea Akello kipande kila jioni. Akiuliza, atajulikana kuwa hawezi kazi. Akiruka mstari, hesabu haitatimia. Ukimya ambao Nangobi aliudhani kuwa umeme kukatika ulikuwa wakati wa Akello kuamua.

Tazama jinsi msimamo niliouweka mwanzoni unavyofanya kazi hapa. Hakuna tukio lililobadilika: Kirunda amesomwa, Kirunda amechukuliwa, sura ya nne imebaki kama ilivyo. Lakini msomaji atakayeirudia sura hiyo hataisoma tena kwa moyo ule ule. Angalia pia kwamba mgogoro umetoka ndani ya mila ya majina ya mahali penyewe. Ungeuhamishia mji mwingine, ungekufa. Pengo lako likikubali kuhamishwa kokote bila kupoteza kitu, endelea kutafuta.

Kuweka mipaka ya siri

Andika kwenye daftari mambo matatu: nini msimulizi anajua, nini hajui, na nini hatakijua kamwe. Akello anajua majina, hajui yanayotokea bwawani, na hatajua kamwe ni Waiswa yupi aliyekuwa kwenye karatasi. Hilo la mwisho lina hatari kwa mfululizo, kwa hiyo liamuliwe mapema: je, Nangobi ataligundua katika riwaya ya tatu? Ushauri wangu ni kwamba asiligundue, au akiligundua, riwaya ya tatu ilieleze yenyewe kwa ukamilifu. Jambo la lazima kwa riwaya inayofuata lisiwekwe ndani ya hadithi fupi peke yake, kwa sababu wako wasomaji wengi watakaopata riwaya katika maktaba ya shule na hawataiona hadithi hiyo kabisa. Si haki kuwafungia mlango.

Umbo na urefu

Maneno kati ya 3,000 na 7,000 yanatosha. Muda wa matukio usizidi siku moja, ikiwezekana uwe saa chache. Wahusika wenye kusema wasizidi wanne. Na sheria ya dunia yako itakayotawala hadithi iwe moja tu. Riwaya inaweza kuwa na sheria 15 za Mamlaka, lakini hadithi ya Akello inahitaji moja: umeme wa mtaa hudumu saa moja, na majina lazima yaishe kabla haujazimwa. Nyingine zikitokea, zipite kama hewa, bila kuelezwa. Mpangilio wa matukio usikuumize kichwa: karatasi inafika, majina yanaanza, mstari wa tisa, na jioni ya siku ile mlangoni pa kambi.

Mwanzo unaowatosha wasomaji wa namna mbili

Atakayefungua hadithi yako ama ni mtu aliyesoma riwaya na asiyetaka kuelezwa tena yale anayoyajua, ama ni mtu aliyetumiwa faili na rafiki na asiyejua lolote. Wote wawili wasome aya ya kwanza bila kuchoka wala kupotea. Rasimu ya kwanza ya mwanzo huwa karibu kila mara namna hii:

"Katika mji wa Jinja, ambako Mamlaka ya Mwanga ilikuwa imetawala tangu ziwa lilipopanda na watu wakagawiwa umeme kwa saa, kulikuwa na msichana aliyeitwa Akello, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma majina ya vijana waliopelekwa bwawani."

Hakuna kosa la sarufi hapo, lakini kila kitu kimeelezwa na hakuna kilichotokea. Msomaji wa zamani amechoshwa, na yule mpya amepewa maelezo asiyokuwa na sababu ya kuyajali. Ilinganishe na hii:

"Karatasi ya leo ina majina 31. Afande amenikabidhi ikiwa imekunjwa mara nne, na jasho la kiganja chake limeloanisha mkunjo wa katikati. 'Soma taratibu,' anasema. 'Jana wazazi walilalamika kwamba hawakusikia vizuri.' Nasogeza mdomo kwenye kipaza sauti. Taa nyekundu inawaka. Saa yetu ya umeme imeanza, na nikisoma taratibu kama anavyotaka, itakwisha kabla sijafika mwisho wa karatasi."

Sheria ya umeme imo, kazi ya Akello imo, utawala umo, na ubaya wake umejitokeza katika kauli ya upole ya afande kuhusu wazazi. Jasho lililowekwa hapo ndilo litakalofuta jina baadaye. Jina la Mamlaka halijatajwa, na halihitajiki hadi ukurasa wa tatu au wa nne. Kanuni ninayoipendekeza ni hii: kila taarifa ya dunia yako ipitie mkononi, mdomoni au machoni mwa mhusika aliye kazini, ile isiyopita hapo, ifute.

Tukio la makutano

Mahali ambapo hadithi inagusana na riwaya ndipo msomaji mwaminifu atakapoikagua kazi yako. Maneno yaliyotamkwa kwa sauti lazima yawe yale yale, herufi kwa herufi. Nangobi alisikia "Kirunda Waiswa" baada ya ukimya. Akello hawezi kusema "Waiswa Kirunda", wala hawezi kukohoa ikiwa riwaya haikutaja kikohozi. Uhuru wako uko katika yale ambayo Nangobi hakuweza kuyaona: kidole kwenye karatasi, macho ya afande, harufu ya mihogo inayopenya dirishani.

Zingatia pia kwamba muda hupimwa tofauti na watu wawili. Kwa Nangobi, ukimya ulikuwa sentensi moja. Kwa Akello unaweza kuchukua kurasa mbili, na hapa sarufi ya Kiswahili yenyewe inakupa chombo. Kiambishi -ka- huyafungamanisha matendo na kuyakimbiza: akaona, akasita, akasema. Ukikitumia katika ukimya wa Akello, umeuua. Tumia -na-, vunja sentensi, rudi kwenye karatasi, rudi kwenye taa nyekundu. Kisha jina likishatamkwa, iache -ka- ifanye kazi yake na majina 22 yaliyosalia yapite kwa aya moja. Ikiwa riwaya yako iko katika -li-, kumpa msimulizi huyu mwingine wakati wa -na- ni njia nzuri pia ya kuzitenganisha sauti zao mbili.

Kiswahili kinachosikika Uganda

Mwandishi wa Uganda ana jambo ambalo mwenzake wa Zanzibar au Mombasa hana. Kwa wazee wengi wa hapa, Kiswahili ni sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Ni lugha ya kambi, na kumbukumbu ya mwaka 1973, Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa, bado iko katika masikio yao. Kwa vijana hali imeanza kuwa nyingine: Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Hadithi ya distopia inayoandikwa kwa Kiswahili ndani ya nchi hii inabeba masikio hayo yote mawili, itake isitake. Afadhali ulitumie jambo hili kwa makusudi. Kiswahili cha kipaza sauti kiwe kikavu, chenye amri fupi na majina ya vyeo. Kiswahili cha Akello na mama muuza mihogo kiwe laini, chenye "mama" na "mwanangu", kilichochanganyika na "jajja", yaani bibi au babu, anayetajwa nyumbani. Kijana atakayesoma atasikia kwamba lugha ile ile inaweza kuita watu kwenye mauti na pia kuwaita kula, na hutahitaji kumwambia.

Usiwape wahusika wote Kiswahili cha kitabuni. Afande aliyelelewa jeshini hasemi kama mwalimu. Lakini pia usizidishe makosa ya kusemea ili kuchekesha. Msomaji wa Koboko au Bombo anayekitumia Kiswahili kila siku atajiona amedharauliwa, naye atakuwa na haki.

Kuchota kutoka kwenye yaliyotokea

Distopia nzuri huchukua jambo lililowahi kutokea na kulirefusha. Vijana wa Uganda hawahitaji kubuniwa kila kitu. Shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Na Aprili 2020, kisiwa cha magugu kilichokuwa kikielea katika Ziwa Victoria kilisukumwa hadi kwenye mitambo ya umeme ya Nalubaale, Jinja, na nchi nzima ikaingia gizani. Mwezi uliofuata kina cha ziwa kikapita kile cha mwaka 1964. Dunia ya Nangobi na Akello imetokana na tukio hilo moja la magugu, likiongezewa swali: ingekuwaje kama visiwa hivyo visingekoma kuja, na mtu akaamua ni watoto wa nani watakaovikata?

Njia ya kufanya hivyo ni kuandika tukio halisi kwenye mstari mmoja, kisha chini yake uandike ni nani alifaidika, ni nani alibeba mzigo, na ni sheria gani ingeweza kuifanya hali hiyo iwe ya kudumu. Jibu la swali la mwisho ndilo sheria ya dunia yako. Chombo cha utawala kiwe cha kubuni, chenye jina lako mwenyewe, si idara iliyopo iliyobadilishwa herufi mbili. Hilo litakupa uhuru na litakuzuia kumsingizia mtu.

Kuna historia moja ambayo ningeomba iguswe kwa mikono miwili. Watoto wa kaskazini walitekwa na waasi wa LRA kwa maelfu, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wengine walikuwa wakitembea kila jioni kutoka vijijini kwenda kulala Gulu mjini ili wasichukuliwe usiku. Msomaji wa Gulu, Kitgum au Lira atakapoisoma hadithi ya vijana wanaochukuliwa kwa orodha, atawaona watu wa nyumbani kwake. Ndiyo maana asili ya Akello haikuwekwa kama pambo. Ikiwa wazazi wake walitoka Lira, basi bibi yake anaweza kuwa alijua maana ya mtoto kuchukuliwa, na Akello aliyelelewa na habari hizo sasa ndiye anayesoma majina. Sentensi mbili za kumbukumbu hiyo zinatosha. Ukizipanua kuwa maelezo ya mateso, umetumia msiba wa watu kutia hadithi yako makali, na ni afadhali kuziondoa.

Mwisho

Hadithi ya kusindikiza haiwezi kuangusha utawala, kwa kuwa riwaya inayofuata bado inauhitaji. Kwa hiyo waandishi wengi huishia kwa msimulizi kuapa kwamba siku moja atapigana. Kiapo hicho hakigharimu chochote, na msomaji hukiona kama tangazo la kitabu kijacho. Tafuta badala yake tendo dogo ambalo msimulizi asingelifanya asubuhi ya siku ile, na ambalo linabaki ndani ya uwezo wake. Akello anapopita mlangoni jioni, mama anamwekea kipande cha muhogo kama kawaida, huku Balikowa akiwa amekaa kando yake akihesabu chenji. Akello anaweza kukila, anaweza kukikataa, anaweza kukilipia kwa mara ya kwanza. Kila moja ya hizo ni hadithi tofauti. Mimi ningechagua alipie, na mama akatae hela, na Akello ang'ang'anie mpaka mama aanze kumtazama kwa mashaka. Simamisha hapo. Usimfanye aeleze.

Wasomaji wa majaribio

Mpe rasimu yako mtu aliyesoma riwaya, na mwingine asiyeisoma kabisa, na ikiwezekana wawe wa umri unaowaandikia. Usiwaulize kama wameipenda. Mwulize wa pili akusimulie kwa mdomo sheria ya umeme na kwa nini Akello alinyamaza. Akishindwa, mwanzo wako haujakamilika. Mwulize wa kwanza kama kuna jambo katika sura ya nne analoliona sasa kwa namna nyingine. Akikosa la kusema, rudi kwenye uchaguzi wa pengo, maana kurekebisha sentensi hakutasaidia. Kisha soma hadithi nzima kwa sauti. Mahali ulimi unapokwama ndipo sentensi ilipoundwa kwa fikra za lugha nyingine.

Haki na uchapishaji

Ikiwa mfululizo si wako, usichapishe chochote bila ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwandishi au mchapishaji wake. Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya mwaka 2006 inampa mwenye kazi mamlaka juu ya kazi zinazozaliwa kutokana nayo. Ikiwa ni wako lakini umesaini mkataba wa riwaya, soma mkataba huo kwanza, kwa sababu baadhi humpa mchapishaji haki juu ya wahusika wako pia. Hakimiliki inaweza kusajiliwa URSB, ofisi ya usajili ya serikali ya Uganda, na namba ya ISBN, inayokitambulisha kitabu, hutolewa na Maktaba ya Taifa ya Uganda.

Kwa usambazaji, faili nyepesi la PDF linalosomeka kwenye simu ndogo linafaa kuliko muundo wa kifahari: herufi kubwa kiasi, aya fupi, bila picha nzito. Ukitaka kijitabu cha karatasi cha kuuza shuleni, wachapaji wa Nasser Road mjini Kampala watakifanya. Hakikisha tu kwamba idadi ya kurasa inagawanyika kwa nne, maana karatasi hukunjwa na kubanwa pini katikati, la sivyo utalipia kurasa tupu. Toa hadithi miezi michache kabla ya riwaya inayofuata, wasomaji wakiwa wameanza kuuliza, na uandike wazi kwenye jalada inasindikiza kitabu kipi na kama inaweza kusomwa kabla ya kitabu hicho.

Siku utakapoitoa, ingiza katika daftari kila jambo jipya ililolileta: majina 31, karatasi iliyokunjwa mara nne, cheo cha afande, dirisha la chumba cha kipaza sauti linaloelekea mlangoni pa kambi, Balikowa aliyebaki. Riwaya ya tatu itakapompitisha Nangobi chini ya dirisha hilo, liwe bado linaelekea upande ule ule.